Gesi ya Bia, Gesi ya Majani

Tororo, 8 Februari 2024

Dada Taaka,

Natumaini Ofumbi amekukuta kwenye meza yako ya kukaangia ukiwa mzima na samaki wamekauka vizuri. Mimi sijambo. Huku chini ya mwamba wa Tororo asubuhi ni baridi kuliko nilivyodhani, ila uji wanautoa moto na kila mtu ana blanketi mbili. Goti la Mama linaendeleaje? Shamba la Buteba limelimwa, au mnangoja mvua ianze kwanza?

Simu zetu zilichukuliwa siku ya kuingia. Sista Akurut, mkuu wa kituo, anasema mpaka miezi minne iishe ni barua tu, na wageni hapana. Wengine wamelalamika sana. Mimi nimenyamaza, kwa sababu nilikuja kwa miguu yangu kuacha pombe, hakuna aliyenifunga kamba. Ofumbi ndiye dereva wao. Akija Busia kuchukua mkaa na maharagwe atakuletea barua, nawe umpe yako.

Sasa jambo lenyewe ni tangi la samaki. Nilipofunga baa nilimwachia binti yangu Ajambo kazi ya kuwalisha, lakini ule mtungi mdogo wa gesi ya kaboni uliokuwa ukilisha majani uliisha kabla sijaondoka, na regulata yake, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, nayo ilikuwa imekufa. Bila gesi majani yatageuka njano, yataoza, na maji yatachafuka. Ukiangalia nyuma ya kaunta utaona mashine ya bia, na pembeni yake mtungi wenye gesi hiyo hiyo, umebaki nusu. Tafadhali mwite Chrispinus, yule fundi wa friji wa upande wa Kenya, aitoe regulata ya bia aifunge kwa ajili ya tangi. Aongeze valvu nyembamba tu ili mapovu yatoke moja moja. Usinunue regulata nyingine. Hii itatosha, na tukifungua baa tutairudisha mahali pake.

Msalimie mke wangu, Mama Ajambo. Mwambie mtoto asiwazidishie chakula.

Ndugu yako,
Paddy Mangeni


Busia, 20 Februari 2024

Kwako Paddy,

Barua yako ilifika ikinuka mkaa, nikafurahi hivyo hivyo. Mama goti limepungua kuvimba. Anasema nikuandikie kwamba anakuombea kila Jumapili na kwamba lile jembe lako jipya amemwazima jirani, usikasirike. Shamba limelimwa lote. Ajambo amekuwa wa tatu darasani na anakula vizuri. Analala kwangu kwa sasa.

Tangi lako nimeliona. Wewe wajua mimi samaki namfahamu akiwa kwenye mafuta ya moto. Hawa wako wananitazama machoni nikashindwa kujua niwaambie nini. Majani mengine yamekuwa na matundu, na yale marefu uliyoyatoa mtoni Malaba yamelala chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Chrispinus amekuja. Ameigeuza regulata ya bia mkononi, akacheka kidogo. Anasema hii ni ya kusukuma bia kwenye mabomba, haijali sana ikitoa nyingi au kidogo. Tangi linataka kidogo sana, na sawasawa, saa zote za mchana. Anasema usiku majani hayahitaji gesi, lakini regulata ya bia haina swichi ya umeme ya kuifunga, kwa hiyo itaendelea kutoa gesi samaki wakiwa wamelala. Akasema tena kwamba mtungi ukikaribia kuisha, regulata ya namna hii inaweza kuachia yote iliyobaki kwa mara moja. Yeye angetaka ile ya hatua mbili, inayopunguza nguvu ya gesi mara ya kwanza, kisha mara ya pili, ndipo iifikishe kwenye valvu. Nimemwambia nitakuuliza wewe kwanza.

Jambo lingine. Oguttu, mwenye baa kule Malaba, ameulizia mashine ya bia. Anaitaka nzima, na mtungi na regulata yake. Anasema kama unauza, yuko tayari hata wiki hii. Nimjibu nini?

Dada yako,
Taaka


Tororo, 3 Machi 2024

Dada yangu,

Asante kwa habari, hasa ya Ajambo. Nimewasomea wenzangu hapa kwamba amekuwa wa tatu, na Eriku, mfugaji wa Kwapa tunayelala naye chumba kimoja, akanipa ndizi yake ya chakula cha mchana kunipongeza. Ndizi hapa ni kitu kikubwa. Mwambie Mama jembe si neno.

Huenda unajiuliza gesi ni ya nini. Majani yaliyo nje yanaivuta hewani. Yaliyo ndani ya kioo yako mengi na hewa hiyo ndani ya maji ni kidogo, kwa hiyo yanabaki na njaa hata mwanga ukiwa mzuri. Ukiyapa gesi kidogo kidogo utaona baada ya siku chache yanaanza kutoa vipovu vidogo kwenye ncha, yanang'aa kama yamepigwa na mvua. Mimi nilikuwa nikiviona vile vipovu nasahau hata mteja ameita nini.

Chrispinus ni fundi mzuri, lakini mafundi hupenda kuuza vitu vipya. Mwambie aifunge hiyo hiyo ya bia. Aweke maji ya sabuni kwenye viungo aone kama panavuja. Asisahau ile valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye regulata. Na kile kichupa cha rangi kiko ndani ya droo ya kaunta, kitumbukizwe ndani ya tangi. Kikiwa buluu gesi ni kidogo, kijani ni sawa, njano imezidi. Ajambo anaweza kukiangalia mwenyewe.

Majani ya mtoni yasikatwe. Hata kama yamelala yataamka.

Kwa nini Ajambo analala kwako? Na hukuandika hata salamu moja ya mama yake.

Paddy


Busia, 16 Machi 2024

Paddy,

Sisi wazima. Mvua imeanza Buteba na Mama amepanda kabla ya kila mtu, na goti lake hilo hilo. Hapa mpakani malori yamejipanga mpaka karibu na kanisa na madereva wanakula samaki wangu mpaka wa jana wanaisha, kwa hiyo silalamiki.

Regulata ya bia imefungwa kama ulivyoagiza. Chrispinus aliniambia, "Mama, nafanya kwa sababu umesema nifanye." Maji ya sabuni ameweka, hakuna kinachovuja. Mapovu yanatoka moja moja, na Ajambo anakaa hapo na daftari lake la hesabu anayatazama badala ya kufanya hesabu. Kichupa ni kijani. Na kweli majani ya mtoni yameinuka. Sikuamini. Nimemwita hata muuza chapati aje aone.

Oguttu amerudi tena kuuliza. Hukunijibu.

Mama Ajambo ni mzima.

Taaka


Tororo, 24 Machi 2024

Dada Taaka,

Umenifurahisha na habari ya majani. Nimelala vizuri siku hiyo, na hapa kulala vizuri si jambo dogo. Wiki za kwanza mikono ilikuwa ikitetemeka mpaka kijiko kinagonga sahani. Sasa naandika, na wewe mwenyewe waona herufi zimenyooka.

Tumepewa kipande cha bustani. Mimi na Eriku tumepanda sukumawiki na vitunguu. Yeye anasema mimea haimwelewi, ng'ombe tu ndio wanamwelewa.

"Ni mzima" si jibu, Dada. Mgonjwa tu ndiye huulizwa kama ni mzima. Nauliza yuko wapi.

Paddy


Tororo, 9 Aprili 2024

Dada,

Ofumbi amerudi mara mbili bila barua. Anasema mara ya kwanza meza yako ilikuwa imefunikwa, na mara ya pili ulikuwepo ukamwambia huna la kuandika. Kuna nini? Kama ni Mama, niandikie. Kama ni Ajambo, niandikie leo leo.

Paddy


Busia, 12 Aprili 2024

Paddy,

Mama yuko salama. Ajambo yuko salama. Nimeanza na hayo ili moyo wako utulie, maana yanayofuata si mazuri.

Wiki ya baada ya Pasaka, asubuhi, Ajambo alipita baa kulisha samaki kabla ya kwenda shule. Akawakuta wote wamepanda juu, midomo imetoka kwenye maji, wanahema. Bomba linatoa mapovu kama sufuria inayochemka. Kile kichupa kilikuwa njano. Mtoto alifunga mtungi mwenyewe, akafungua mlango na madirisha, ndipo akaja mbio kuniita. Tulitoa maji ndoo kwa ndoo, tukamimina mapya, na mimi nikayakoroga kwa mwiko wangu wa kukaangia. Wengine walirudi chini wakaanza kuogelea. Lakini wengi walikufa, na wale wenye mikia mirefu ambao Ajambo aliwapa majina amebaki mmoja.

Chrispinus alikuja, akatazama geji, akasema mtungi ulikuwa umefika mwisho na regulata imeachia yote, kama alivyosema. Ajambo alikuwa amesimama hapo na sketi ya shule imelowa. Akaniuliza, "Shangazi, Baba alijua kwamba inaweza kufanya hivyo?"

Sikumjibu. Ulijua, Paddy. Nilikuandikia mwezi wa pili na ukasema mafundi hupenda kuuza vitu vipya. Ndiyo maana sikuandika siku zote hizi. Nilikuwa na hasira, na nilijua nikiandika kwa hasira utasoma peke yako huko, hakuna wa kukushika mkono.

Sasa umeniuliza mara mbili habari ya mke wako. Aanyu yuko Merikit kwa mama yake tangu wiki uliyoingia huko. Alimwacha mtoto kwangu kwa sababu ya shule, na humtembelea kila mwisho wa wiki. Hakunikataza kukuambia. Ni mimi niliyeogopa kwamba ukisikia utatoka hapo ulipo uje kumfuata, na ukipita njia ya Merikit ukiwa katika hali hiyo, kuna vilabu vingapi barabarani? Alisema sentensi moja tu alipokuwa anafunga mizigo. Alisema, "Akitoka huko na baa ikafunguliwa, mimi sina nguvu ya kuanza upya."

Oguttu bado anangoja. Safari hii nijibu.

Taaka


Tororo, 26 Aprili 2024

Dada Taaka,

Barua yako nimekaa nayo muda kabla ya kuijibu. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka langoni. Mlinzi hakunizuia, hapa hawamzuii mtu. Nikasimama, nikatazama barabara, nikarudi kumwagilia vitunguu. Eriku alikuwa ananitazama kutoka jikoni, na jioni alihamisha kitanda chake karibu na mlango.

Mwambie Ajambo kwamba ndiyo, nilijua. Mwambie hivyo hivyo, usinipambie. Na mwambie alichofanya kuufunga mtungi na kufungua madirisha kabla ya kukimbia ndicho kilichowaokoa waliobaki. Watu wazima wengi wangekimbia kwanza.

Mwezi wa tatu Sista Akurut alituketisha akamuuliza kila mtu nyumbani kuna nini kinachomngoja. Wengine walisema watoto, Eriku akasema ng'ombe wake na akawataja kwa rangi. Zamu yangu ilipofika nikasema, tangi la samaki. Watu wakacheka. Sista hakucheka. Akaniuliza, "Na nani tena?" Nilitaka kusema Aanyu, lakini ulikuwa umekwisha kuandika barua nzima bila kumtaja, na nilikuwa nimeanza kuelewa.

Uliniuliza juu ya Oguttu nikakujibu habari za majani. Nilitaka tangi liishi, na nilitaka mashine ya bia iendelee kuwa pale, na nikajiambia regulata moja itafanya kazi zote mbili. Kila nilipofikiria kuuza ile mashine nilisikia kama nabaki uchi barabarani. Baa ndiyo kazi pekee niliyoijua tangu ujana. Nikitoka hapa nitakuwa nani pale Busia? Lakini mpe Oguttu mashine. Mpe mabomba, mtungi, regulata, hata zile glasi. Ukiweza iwe imeondoka kabla sijafika, nisiikute.

Kwa tangi, mwombe Chrispinus msamaha kwa niaba yangu, kisha atafute regulata yake yenyewe. Nilikuwa nikisoma sana habari zake zamani, wateja wakiwa wachache. Kuna za hatua moja zenye sura nzuri, ndogo, nyepesi, na kuna za hatua mbili. Lazima iwe na swichi ya umeme inayofungua asubuhi pamoja na taa na kufunga jioni. Umeme wa Busia ukikatika, hiyo swichi hujifunga yenyewe, kwa hiyo hakuna gesi inayoingia gizani. Lazima valvu yake iwe nyembamba kweli, uizungushe kidogo na mapovu yabadilike kidogo. Na mdomo wake uingiane na mtungi tutakaoununua, maana nyuzi za skrubu hazifanani na watu wengi hupotezea hapo. Mengine chagueni ninyi. Nimechagua mara moja, na umeona.

Sitamfuata Aanyu Merikit. Sitamwandikia pia mpaka aseme anataka. Akija kumwona mtoto, mwambie tu kwamba mashine imeondoka.

Vitunguu vimeota.

Paddy


Busia, 21 Mei 2024

Ndugu yangu Paddy,

Hii naandika nikiwa nimekaa ndani ya baa yako, na isikushtue. Mama anakusalimia, mahindi yake yanamfika kiunoni na jembe limerudishwa. Ajambo nilimwambia kama ulivyosema. Alifikiri kidogo, akauliza kama huko mna kalamu za rangi, kwa sababu anataka kukuchorea.

Oguttu alikuja na pikapu akachukua kila kitu. Alipoondoka chumba kilikuwa kikubwa mno, na mimi nimechoka kukaangia samaki chini ya mwavuli mvua ikinipiga mgongoni. Kwa hiyo nimeingiza jiko langu nyuma, nikapanga meza zako mbele. Madereva wa malori wanakula samaki wa ziwani kutoka Majanji huku wakitazama samaki wako. Ajambo alipinga, akasema ni ukatili. Tumekubaliana kwamba wanaokula wakae wameligeuzia tangi mgongo. Chai ipo, soda ipo. Kuna mmoja aliulizia bia, nikamwambia aende Malaba. Utakaporudi tutaongea kama unataka kufanya kazi na dada yako. Ninakuonya mapema kwamba mimi ni mkali.

Sasa regulata. Jumamosi iliyopita Aanyu alikuja kumwona mtoto. Ajambo akamsimulia yote, ya samaki na ya mashine. Aanyu akaingia, akatazama mahali mashine ilipokuwa, sakafu ikiwa bado na alama zake nne. Akapita mkono pale juu ya kaunta. Nikamwambia Chrispinus ameletewa regulata mbili kutoka Nairobi na mimi naogopa kuchagua. Akasema, "Twende."

Tulivuka geti la mpaka watatu, mimi na yeye na mtoto. Chrispinus aliziweka zote mbili juu ya meza ya karakana. Moja ilikuwa ya hatua moja, inang'aa, ina geji ndogo nzuri na swichi ya umeme. Mimi moyo wangu uliiendea hiyo. Nyingine ilikuwa nzito, rangi yake imefifia, imeshatumika mahali, lakini Chrispinus ameifungua na kuisafisha na kuijaribu. Ya hatua mbili. Swichi nayo ilikuwa nayo. Aanyu hakuuliza bei kwanza. Aliuliza, "Mtungi ikikaribia kuisha, gani inabaki vile vile?"

Chrispinus akaigusa ile nzito. Akasema, "Hii. Itatoa povu lile lile mpaka gesi iishe, kisha itanyamaza tu. Ile nyingine si mbaya, lakini mtu lazima aichunge geji na abadilishe mtungi mapema."

"Na nani atachunga?" Aanyu akauliza. Sote tulijua mtoto ni wa shule na mimi ni wa samaki wa mafuta. Akaichukua ile nzito akaipima mikononi. Akajaribu mdomo wake kwenye mtungi mpya tuliotaka kuununua, ukaingia. Akazungusha valvu mbele na nyuma, taratibu, kama anayetafuta stesheni kwenye redio. Halafu akasema, "Hii."

Fedha ya Oguttu ilitosha vyote viwili. Chrispinus aliifunga siku ile ile, akaweka maji ya sabuni, akapanga swichi na taa. Mimi nikamwambia wifi yangu ahsante, karibu nyumbani. Akanitazama. Akasema, "Mimi sijarudi, Taaka. Nakuja kwa sababu ya samaki ya mtoto." Nikasema sawa. Lakini Jumapili baada ya ibada alikuja tena kuangalia kichupa, na jana, ambayo wala haikuwa siku ya mtoto, amekuja na chupa ya samaki wadogo aliowapata sijui wapi, akawamimina polepole wazoee maji. Majani ya mtoni yamefika juu. Saa nane mchana ncha zote zilikuwa na vile vipovu ulivyoniandikia, na yeye alikaa akivitazama mpaka chai yake ikapoa.

Nilimsomea mahali pale ulipoandika kwamba hutamfuata. Akaomba barua aisome mwenyewe. Akairudisha, akamsuka mtoto nywele.

Ofumbi ananiambia mnatoka Jumamosi asubuhi, na kwamba kila mmoja lazima achukuliwe na mtu wake langoni. Nilikuwa nimepanga kuja. Nilishamwambia muuza chapati aniangalizie jiko. Lakini leo asubuhi Aanyu amenipigia simu kutoka Merikit, akauliza lango la kituo linafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa tatu. Akasema, "Basi wewe baki na jiko."

Vaa lile shati la buluu.

Dada yako,
Taaka